Rupia yangu imerudi na maneno "imesafishwa": nivunje kasha?

Ndugu mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mkusanyaji wa sarafu za kale, hasa za wakati wa Mjerumani na za Zanzibar. Naishi Tanga. Mwaka huu nilijikaza, nikachagua sarafu tano ninazozipenda kuliko zote, nikazipeleka ng'ambo kupitia kwa wakala zipimwe daraja na kufungwa kwenye makasha ya plastiki. Zilikuwa rupia ya 1890, heller 5 ya 1909 ile kubwa (heller ndiyo chenji ya rupia ya Mjerumani), heller 1 ya 1910, heller 20 ya Tabora ya 1916 ya shaba ya njano, na pysa, ile sarafu ndogo ya shaba ya Zanzibar, yenye mwaka 1299 wa Hijria.

Zimerudi na furaha yangu imekatika. Heller 1 imepata MS 63 BN, yaani haikutumika na ni ya rangi ya kahawia; ya Tabora XF 45, iliyotumika kidogo; pysa AU 55 BN, iliyotumika kidogo mno. Lakini rupia, ambayo ilikuwa inang'aa kuliko zote, haikupewa namba. Kibandiko kinasema ni halisi, ila imesafishwa. Ile heller 5 nayo haina namba, wameandika ukingo umeharibika. Nikijumlisha ada, usafiri wa kwenda na kurudi na posho ya wakala, nimetumia fedha nyingi kuliko bei ya sarafu zenyewe. Je, nivunje kasha la rupia niipeleke kampuni nyingine?

Pili, kuna mtu Dar es Salaam ananiuzia Rupien 15, yaani rupia 15 kwa Kijerumani, ya dhahabu, ile ya tembo, iko kwenye kasha na daraja la AU 58. Bei yake ni theluthi moja chini ya bei ninazoziona kwenye minada, na anataka fedha taslimu kabla ya Ijumaa. Kasha si linatosha kuwa ushahidi?

Tatu, heller zangu nyingine nimezipanga kwenye albamu ya mifuko laini ya plastiki. Baadhi zimeanza kuwa na ute wa kijani. Mke wangu anasema nimejaza nyumba mabati yenye kutu, na siku nikifa yeye na watoto wataziuza kwa kilo. Nne, jamaa mmoja wa Kilwa ananiambia anazo sarafu ndogo za shaba za masultani wa huko, zimetoka ardhini. Nizichukue?

Mzee wa Heller, Tanga

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yangu.

Usivunje kasha. Ukilivunja utatupa kitu pekee ulichokipata kwa ile ada, yaani uthibitisho kwamba rupia ni halisi. Na ukiipeleka kampuni nyingine itarudi na maneno yaleyale, kwa kuwa tatizo liko kwenye uso wa sarafu na si kwenye jicho la aliyeipima.

Sarafu inapopigwa chapa, madini husukumwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni. Msukumo huo huacha vijistari vyembamba mno, macho matupu hayavioni, vyote vikielekea nje. Hivyo ndivyo vinavyorudisha mwanga. Ishike sarafu ambayo haijaguswa chini ya taa moja, uiinamishe na kuizungusha taratibu: utaona miale ya mwanga ikizunguka juu yake kama spoki za baiskeli. Wapimaji wanaitafuta miale hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwapo, sarafu inaweza kuwa ya daraja la juu hata kama imefifia na kuwa ya kijivu. Isipokuwapo, weupe hauwezi kuiokoa.

Sasa, rupia husafishwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusugua: majivu, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia shaba, au kitambaa kikavu tu. Hiyo huacha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Ya pili ni kuchovya kwenye tindikali, iwe ya ndimu au ile ya sonara. Tindikali haikwaruzi, lakini inayeyusha ngozi ya juu pamoja na vile vijistari, na sarafu inabaki nyeupe isiyo na uhai. Kuchovya mara moja, sekunde chache, na mtu anayejua, mara nyingine hupita bila kugunduliwa. Kuchovya mara tatu nne hakupiti.

Unaweza kujipimia mwenyewe kabla ya kulipa hata senti ya ada. Zima taa zote za chumba, washa moja tu ya mezani, kaa nayo kama sentimita 30. Tumia lenzi ya kukuza mara 5, halafu ya mara 10. Kwenye rupia ya 1890 anza na uwanja ulio wazi mbele ya uso wa Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kisha fuata maandishi GUILELMUS II IMPERATOR herufi moja moja. Kama uwanja ni mweupe huku pembe za herufi zimebakiwa na uchafu mweusi, iliguswa. Kama mikwaruzo inafika kwenye herufi, inakatika, halafu inaendelea ng'ambo ya pili kwa mwelekeo uleule, ni kitambaa kilipita. Geuza sarafu utazame pia ukingo, hasa juu ya kichwa: rupia nyingi zilivaliwa kama mapambo, na pale kilipochomelewa kikuku cha kutundikia huwa pamesawazishwa kwa tupa. Doa moja la kung'aa kwenye ukingo wenye meno yaliyofutika linakwambia yote.

Kwenye soko letu wauzaji wengi husafisha kwa nia njema kabisa, kwa sababu mnunuzi wa mapambo anataka fedha nyeupe. Mkusanyaji anataka kinyume chake. Rupia iliyopita mikononi mwa watu wa pwani kwa zaidi ya miaka 100 haina sababu ya kuwa nyeupe pepepe. Ukikuta yenye ngozi ya kijivu iliyosawazika, au yenye rangi ya bluu na dhahabu karibu na ukingo, na miale ile bado inazunguka chini ya rangi hiyo, lipa zaidi kwa hiyo na uiache ile inayometa.

Ile uliyo nayo iweke ilivyo. Ni mfano mzuri wa kujifunzia, na bado ina gramu 11.66 za fedha ya 917 kwa elfu. Siku ukiiuza, iuze na kasha lake na useme wazi.

Kuhusu heller 5, pole, hiyo ni sarafu ya kuumiza watu. Ya 1908 na 1909 ina upana wa milimita 37 na uzito wa karibu gramu 20, bronzi tupu, na uso mpana usio na kitu cha kuukinga. Ikianguka mara moja sakafuni, ukingo unabonyea. Nyingi sana zina pengo dogo ukingoni ambalo picha ya mbele na nyuma haiwezi kulionyesha, na hapo ndipo wanunuzi wa mtandaoni wanapoumia. Kabla ya kununua nyingine, muombe muuzaji video fupi akiizungusha sarafu kwa ukingo, duara zima. Akikataa, achana nayo.

Tuje kwenye gharama, maana naona hapo ndipo palipokuudhi zaidi, na una haki. Kupima daraja ni biashara ya kuuza imani kati ya mnunuzi na muuzaji wasiojuana. PCGS na NGC, kampuni mbili kubwa za Marekani, zilianza kazi 1986 na 1987 kwa sababu hiyo hiyo: wauzaji walikuwa wanaita sarafu mpya ile iliyotumika. Kipimo chenyewe cha 1 hadi 70 ni cha mwaka 1949, kilibuniwa na William Sheldon kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, na mwanzoni alikusudia namba ifuate bei, kwamba ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Bei zilimkimbia zamani, namba ikabaki. Kuanzia 60 kwenda juu ndiyo MS, sarafu ambayo haikutumika, na ngazi zote 11 za huko juu zinatofautishwa na mng'aro, mikwaruzo na ukali wa chapa. Tofauti ya 62 na 63 mara nyingi ni maoni. Sarafu ileile ikirudishwa inaweza kupanda au kushuka ngazi moja bila mtu yeyote kukosea.

Kwa hiyo fanya hesabu kabla, kwa kila sarafu peke yake. Jumlisha ada ya kupima, ada ya kushughulikia kifurushi, uanachama au posho ya wakala, usafiri wa kwenda, usafiri wa kurudi, bima, na chochote cha forodha. Gawa kwa idadi ya sarafu. Kisha tafuta bei ya sarafu ileile ikiwa kwenye kasha na ikiwa nje ya kasha, kwa mauzo yaliyokwisha kufanyika, si kwa bei wanazoomba watu. Tofauti ya hizo bei mbili isipofika angalau mara mbili ya gharama, usitume. Chukua mfano wa tarakimu tu: gharama ikiwa shilingi 150,000 kwa sarafu, na pysa yako ikauzwa 40,000 nje ya kasha na 120,000 ndani yake, umepoteza hata kama daraja limekuja zuri. Pysa ya 1299, ambayo ni 1882 kwa kalenda ya Kizungu, ni sarafu ya kawaida. Ipende kwa mizani yake iliyochorwa na jina la Sultan Barghash, usiitume.

Zinazostahili gharama ni zile ambazo mnunuzi anaogopa za bandia: riali ya fedha ya Barghash ya 1299, Rupien 2 za 1893 na hasa 1894, Rupien 15 ya Tabora, florini ya Afrika Mashariki ya 1920 iliyo katika hali nzuri. Hizo hata zikirudi bila namba, lile neno "halisi" linalipa ada. Na kabla ya kufunga kifurushi soma masharti ya msafirishaji. Kampuni nyingi za vifurushi hazikubali sarafu kabisa, au zinazikubali bila bima, na usipowaambia ukweli wa kilichomo hutalipwa kikipotea. Forodha nao waonyeshe wakati wa kutoka, upate karatasi inayosema ni mali yako itakayorudi, usije ukatozwa kodi kwa kitu chako mwenyewe.

Kuna mtego mwingine utakaoukuta ukianza kusoma tovuti za hizo kampuni. Wanatoa idadi ya sarafu walizopima kwa kila daraja, na wauzaji hupenda kuandika "tatu tu duniani zenye daraja hili". Kwa dola ya Marekani takwimu hiyo ina maana, maana watu wametuma mamilioni. Kwa heller ya 1910 ina maana ndogo sana. Ziko chache kwenye orodha kwa kuwa hakuna anayehangaika kuzituma, wakati huko Ujerumani kuna makopo yake. MS 63 yako ni nzuri, ifurahie, lakini usimlipe mtu mara tano kwa ajili ya MS 65 ya sarafu iliyopigwa kwa mamilioni.

Sasa tembo wa Dar es Salaam. Swali lako ni kama kasha linatosha. Halitoshi. Makasha bandia yapo, na ya kisasa yanaigwa vizuri, pamoja na kibandiko na alama zake zinazometa. Mbaya zaidi, wenye kuiga hunakili namba ya sarafu ya kweli, kwa hiyo ukiiandika kwenye tovuti inakubali.

Fanya hivi. Muombe namba, uiandike mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya kampuni. Usibonyeze kiungo alichokutumia na usisome ile alama ya mraba ya kuskani iliyo kwenye kasha. Kama kampuni ina picha ya sarafu hiyo, ifungue kwenye skrini kubwa na ulinganishe alama za ajali, si mchoro. Mchoro wa tembo ni uleule kwenye zote. Mkwaruzo ulio karibu na mguu wake wa mbele, kijipigo kwenye meno ya ukingo, doa kwenye mlima ulio nyuma yake, hivyo havijirudii. Vikilingana vitatu, umepata. Pasipokuwa na picha, tafuta mauzo ya zamani ya namba hiyo kwenye kumbukumbu za minada. Kisha kagua kasha lenyewe: mshono wa pembeni uwe sawa kote, usiwe na weupe wa plastiki iliyokunjwa au alama ya bisibisi. Lipime kwenye mizani pamoja na kasha lako la pysa kama ni la kampuni moja na toleo moja. Tofauti inatakiwa iwe karibu na tofauti ya uzito wa sarafu zenyewe, na ikizidi hapo kwa gramu kadhaa anza kutia shaka.

Sarafu hiyo uijue kwa kina. Ilipigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati Waingereza wameziba bahari na fedha kutoka Berlin haziingii tena. Zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huo mji ukachukuliwa na jeshi la Wabelgiji. Uzito ni gramu 7.168, dhahabu 750 kwa elfu, upana kama milimita 22. Ziko aina mbili, na zinatenganishwa na pambo la upande wa tai: ncha yake ya kulia huishia chini ya T ya OSTAFRIKA au chini ya A ya kwanza. Muuzaji anayeomba bei kubwa akashindwa kukwambia yake ni ipi hajaitazama sarafu yake. Kazi yenyewe ni ya vita, chapa mara nyingi hafifu katikati, kwa hiyo usidhani kila sehemu iliyofifia imelika. Palipolika panateleza na kung'aa kwa namna tofauti. Palipopigwa hafifu pana mng'aro uleule wa uwanja.

Kama angekuwa nayo nje ya kasha, kipimo cha maji kingekupa jibu ndani ya dakika tano. Mizani ya gramu 0.01, glasi ya maji juu yake, unairudisha kwenye sifuri. Unafunga sarafu kwa uzi mwembamba na kuizamisha bila kugusa chini wala pembeni, unasoma tarakimu. Kwa dhahabu ya 750 yenye gramu 7.168 utaona kati ya 0.45 na 0.48. Shaba ya njano iliyopakwa dhahabu ingeonyesha zaidi ya 0.8. Mashine ya miale waliyo nayo wanunuzi wa dhahabu inasoma uso tu, haioni kilichoko ndani, na kwenye kasha haina faida.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo chochote. Sarafu hiyo ikiyeyushwa inatoa gramu 5.376 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya dhahabu ya leo. Bei yake ikiwa chini ya hapo, au imekaribia hapo, hakuna mtu mwenye akili anayeuza tembo wa Tabora kwa bei ya kuyeyusha. Theluthi moja chini ya mnada bado inawezekana, kwa sababu mnada nao una makato yake, ila sharti la fedha taslimu kabla ya Ijumaa silipendi. Mwambie mkutane benki, uwe umeshamaliza ukaguzi wa picha, na muandikiane karatasi yenye namba ya kasha, jina lake na haki ya kurudisha ndani ya siku 30 ikithibitika ni ya bandia. Akikataa karatasi, Ijumaa ipite.

Ute wa kijani. Hiyo ni albamu yako inayoyeyuka. Mifuko laini inayonuka nuka kama pazia jipya la bafuni ni ya plastiki ya PVC; kwa joto na unyevu wa Tanga inatoa tindikali ya kloridi, nayo inakula shaba. Leo hii zitoe zote. Sarafu yenye ute unaonata inaokolewa kwa asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha ambayo ina mafuta na manukato. Weka kwenye kikombe cha glasi, kamwe si cha plastiki, dirisha likiwa wazi, mbali na moto na jua. Zamisha dakika 15, igeuze, dakika 15 nyingine. Ihamishie kwenye glasi ya pili yenye asetoni mpya ili uchafu uliokwisha yeyuka usirudi juu yake. Itoe kwa kushika ukingo, isimamishe ikauke yenyewe kwa hewa, ambayo ni sekunde chache tu. Usifute. Hata kwa pamba usifute, maana umeshaona ilivyokwenda kwenye rupia. Asetoni haiyeyushi madini, kwa hiyo haihesabiwi kuwa kusafisha kunakoharibu daraja.

Kijani kikiwa cha unga, kikavu, cheupecheupe, na kinarudi baada ya wiki chache, hicho si cha mfuko. Ni chumvi iliyoingia ndani ya shaba, na pwani tunayo ya kutosha. Sarafu hiyo itenge na wenzake haraka. Asetoni haitaitibu, na njia za kuitibu huacha alama.

Halafu zihifadhi upya kwenye kapsuli ngumu au mifuko ya polyester, ndani ya chombo cha chakula kinachobana hewa. Weka silika jeli kama gramu 100 kwa chombo cha lita 5, ile yenye punje zinazobadilika rangi ikishiba unyevu. Ikibadilika, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, uirudishe. Kidude cha kupimia unyevu ni cha bei ndogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Sanduku la mbao la bibi lina uzuri wake lakini mbao hutoa tindikali taratibu, na mipira ya kufungia noti ina salfa inayoitia fedha weusi. Vyote viwili viwe mbali.

Umesema furaha imekatika. Nadhani uliiweka kwenye kibandiko. Chukua heller 20 zako zote za Tabora, zenye daraja na zisizo na daraja, uzipange chini ya taa. Tazama taji: liko kubwa na liko dogo. Geuza, tazama herufi mbili za L katikati ya HELLER. Kwenye chapa moja ncha ya L ya pili tu imejikunja. Kwenye nyingine zote mbili zimejikunja. Kwenye ya tatu zote zimechongoka. Changanya na shaba ya njano na nyekundu, ambayo ni chache zaidi, na una mkusanyo wa kukuweka macho miaka kwa bei ya yale makasha matano. Zilipigwa kwa chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga, kwa hiyo unene na rangi havifanani, na wauzaji wengi hawajui wanauza ipi. Hapo mwenye lenzi ndiye mwenye faida. Ukizimaliza, tafuta senti 10 yenye tundu ya Afrika Mashariki ya 1936 kwa jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla Uingereza yenyewe haijatoa sarafu za matumizi kwa jina lake. Zetu zilitoka kwa kuwa hazikuhitaji sura yake, tundu lilikuwa katikati. Zipo tatu: isiyo na alama ya kiwanda, yenye H, na yenye KN. Bei ya zote tatu pamoja haitamkera mama watoto.

Naye shemeji yangu ana hoja. Nunua daftari gumu. Kwa kila sarafu andika namba, mwaka, aina, uzito, ulikoipata, bei uliyolipa na bei ambayo asikubali chini yake, na ubandike picha ya pande zote mbili. Ukurasa wa mwisho uwe na majina ya watu wawili au watatu unaowaamini wa kuwauliza bei, wasiwe wale unaonunua kwao. Mkae naye mara moja kwa mwaka mrekebishe bei. Mpe yeye ufunguo mmoja. Na umwonyeshe ni zipi tano kati ya zote zenye thamani kubwa, kwa sababu akizifahamu hizo tano, hata nyingine zikiuzwa kwa kilo hasara si kubwa.

Za Kilwa usizichukue. Najua zinavyovutia: shaba ndogo, jina la Sultan Ali bin al-Hasan au Suleiman bila mwaka wowote, na maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Tano zilipatikana hadi visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944 na wataalamu bado wanabishana zilifikaje. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kuvifanyia biashara au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Zaidi ya hapo, sarafu isiyo na mwaka inajulikana umri wake kwa tabaka la udongo ilimokutwa na vigae vilivyokuwa karibu yake. Jamaa yako akishaing'oa na kuitia mfukoni, ushahidi huo umekwisha. Mwambie asichimbe zaidi, akumbuke ni wapi hasa alizitoa, azipeleke ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kilwa bila kuziosha.